Kunasa redio za ng'ambo kwa masafa ya kati ukiwa ufukweni: mwongozo kamili

Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, saa kumi na mbili na nusu jioni. Jua limeshazama nyuma ya minazi na wakulima wa mwani wamesharudi nyumbani. Redio ndogo ya mkononi iko juu ya jiwe la matumbawe, hatua chache kutoka maji yanapoishia. Kwenye masafa ya kati (yale yaliyoandikwa MW au AM redioni) mikwaruzo inapungua, halafu mtu anaanza kusoma habari kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kihindi. Kwetu ni nusu saa, lakini India ni saa tatu kamili usiku, wakati wa taarifa ya habari ya All India Radio, redio ya taifa ya India, ambayo tangu 2023 hujiita Akashvani. Sogeza masafa kidogo, msomaji ni yuleyule. Sogeza tena, yuleyule. Kutoka hapo ulipokaa hadi Mumbai ni takriban kilomita 4,600, na karibu njia yote ni maji.

Watu wengi wakisikia hivyo huuliza bei ya redio. Mimi huwauliza walikaa wapi na saa ngapi. Redio ya shilingi nyingi ndani ya nyumba ya mjini, katikati ya taa za LED na chaja, itashindwa na redio ya kawaida iliyo karibu na maji ya chumvi, gizani, mbali na nyaya za umeme. Sisi wa pwani tumepewa kitu ambacho wapenzi wa redio wa nchi nyingine husafiri mamia ya kilomita kukitafuta, na wengi wetu tunakipita kila siku tukienda kuogelea.

Bahari inafanya nini

Mawimbi ya masafa ya kati, ambayo huku kwetu ni kilohezi 531 hadi 1602, yana njia mbili. Mchana hutambaa juu ya uso wa dunia tu, kwa sababu tabaka la anga lenye chembe za umeme liitwalo D, kilomita 60 hadi 90 juu yetu, huyameza yale yanayopanda. Jua likizama tabaka hilo hufifia. Mawimbi hupita hadi tabaka za juu zaidi na kurudishwa chini, mamia au maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka.

Hapo ndipo chumvi inapoingia. Maji ya bahari hupitisha umeme mara elfu kadhaa kuliko mchanga mkavu. Wimbi linalotambaa juu yake huchoka polepole sana, na lile linaloshuka kutoka angani kwa pembe ya chini, kama yalivyo mengi ya vituo vya mbali, halidhoofishwi na ardhi iliyo mbele yako. Ukirudi ndani kilomita chache, kwenye vichaka na mawe makavu, faida hiyo hupungua sana. Jaribu mwenyewe: chagua kituo kimoja cha mbali usiku, kisikilize ukiwa kijijini ndani, kisha ukisikilize ukingoni mwa maji.

Kuchagua mahali

Pwani ya mashariki ya Unguja inatazama bahari kuu moja kwa moja: kuelekea India kaskazini mashariki, Shelisheli mashariki, Australia kusini mashariki. Watamu, Kilwa na Mafia nazo zina sehemu nzuri. Unachotafuta ni upande wa bahari ulio wazi na umeme ulio mbali.

Hilo la umeme ndilo gumu zaidi siku hizi. Paje ina hoteli nyingi, na kila hoteli ina inveta, pampu, chaja na taa zinazotoa kelele ya redio. Kabla ya kuamua, tembea ufukweni mchana redio ikiwa imewashwa kwenye sehemu tupu ya masafa, tuseme karibu na kilohezi 1000, sauti imeongezwa. Utasikia mvumo ukipanda ukikaribia nguzo za umeme na kushuka ukizipita. Endelea kutembea hadi ubaki na ule mkwaruzo laini tu wa anga. Hapo ndipo pa kukaa. Kwangu mara nyingi ni kusini mwa Jambiani, njia ya kuelekea Makunduchi, mahali ambapo nyumba zimeachana.

Ukishapata mahali, nenda kwa sheha kabla ya usiku. Mtu mwenye nyaya, hedifoni masikioni na tochi, amekaa peke yake ufukweni saa tano za usiku, atatiliwa shaka, na watakaomtilia shaka watakuwa na haki. Piga hodi, salimu, mwonyeshe redio, mwache aisikilize. Sheha akijua, wavuvi na vijana wa ulinzi shirikishi nao watajua. Mara ya pili utakuta mzee mmoja ameshatoka kukungoja, kwa sababu zamani alikuwa akiisikiliza Cairo.

Halafu maji. Huku maji hupwa na kujaa hadi karibu mita nne wakati wa bamvua. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kabisa karibu saa kumi jioni na kupwa karibu saa nne usiku. Kwa hiyo machweo yatakukuta maji bado yako juu, kisha yataondoka taratibu na kuacha mwamba mtupu mbele yako. Usihangaike kuyafuata. Mwamba na mchanga uliolowa maji ya chumvi bado unapitisha umeme vizuri. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji huendelea kujaa usiku unapoingia, hivyo weka vitu vyako juu ya mstari wa takataka za bahari kuanzia mwanzo.

Msimu na radi

Adui mkubwa wa masafa ya kati katika Afrika ni radi. Bonde la Kongo, magharibi yetu, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na kila mmweko husikika kama mlipuko mdogo redioni, hata ukiwa umbali wa kilomita elfu mbili. Mvua za radi huchachamaa alasiri na jioni, kisha hupoa usiku ukiendelea. Ukisikia ngurumo kwa masikio yako mwenyewe, usisubiri uhakika: shusha antena, funga kila kitu, ondoka ufukweni. Katika mchanga ulio wazi, kitu kirefu zaidi ni wewe.

Miezi ya Juni hadi Agosti, wakati wa kusi, ndiyo tulivu zaidi kwetu. Masika ni tabu. Wakati wa vuli unaweza kubahatika na usiku mmoja safi baada ya siku tatu za kelele.

Redio

Zipo redio ndogo za kidijitali ambazo zimezoeleka kwa kazi hii: Tecsun PL-310ET, Tecsun PL-330 na XHDATA D-808. Zote zina mambo matatu unayoyahitaji: unaweza kuandika masafa kwa namba, unaweza kupunguza upana wa kupokelea ili kituo cha jirani kisiingie, na hatua ya kusogeza inaweza kuwekwa kilohezi 9. Hili la mwisho ni muhimu. Afrika, Ulaya na Asia hupanga vituo kwa hatua ya 9, Marekani kwa hatua ya 10, na redio nyingine huja dukani zikiwa kwenye 10. Usipobadilisha utakuwa unasikiliza pembeni mwa karibu kila kituo.

PL-310ET hutumia mawe matatu madogo ya kawaida (betri za AA), yanayopatikana duka lolote. PL-330 hutumia BL-5C, betri ileile ya simu za zamani za vitufe, kwa hiyo kwa fundi simu yeyote utapata ya akiba. Beba ya akiba. Usitegemee pawabenki: zina saketi ya kupandisha umeme inayotoa kelele. Usiku mmoja nilipoteza saa nzima nikilaumu anga, kumbe mvumo ulikuwa unatoka kwenye begi langu, pawabenki ikichaji simu. Tangu hapo simu yangu huzimwa na kuwekwa mbali, na saa ninayoiangalia ni ya mkononi.

Hedifoni za waya ni lazima. Upepo na mawimbi ya bahari yatafunika kile unachokitafuta, na kituo cha mbali hujitambulisha kwa sekunde tano tu.

Antena ya fremu, ya kutengeneza nyumbani

Ndani ya redio mna fimbo nyeusi ya feraiti iliyozungushiwa waya, ndiyo antena yake ya masafa ya kati, na inatosha kwa India. Ukitaka mbali zaidi, tengeneza fremu. Gharama ni ndogo, na fundi redio wa mtaani atakusaidia kwa furaha.

Chukua vijiti viwili vya sentimita 85, vifunge msalaba. Kwenye ncha zake nne weka vipande vidogo vyenye mikato iliyoachana milimita 6. Zungushia waya mwembamba wenye plastiki mizunguko 13, kila upande wa mraba ukiwa sentimita 60. Utatumia kama mita 32. Ncha mbili za waya ziunge kwenye kondensa ya kuzungusha ya redio ya zamani (kifaa kinachogeuzwa na kitasa cha kutafutia stesheni), ile ya bati yenye pikofaradi 365 hivi. Kama umepata ile ndogo ya plastiki kutoka kwenye redio ya transista, unganisha pamoja sehemu zake zote mbili za AM na uongeze mizunguko hadi 17, vinginevyo haitashuka hadi mwanzo wa masafa. Basi, imekwisha. Haina betri wala waya wa kwenda redioni.

Kuitumia: simamisha fremu, ukingo wake uelekee kwenye kituo, kama mlango ulio wazi unavyoelekeza ukingo wake kwa anayeingia. Weka redio karibu na kitovu chake, fimbo ya ndani ikiwa imekatiza uso wa fremu, si kulala sambamba nao. Kwenye redio nyingi fimbo hiyo imelala kwa urefu wa redio. Sasa zungusha kondensa polepole. Mahali fulani kelele itapanda ghafla na namba ya nguvu ya mawimbi kwenye kioo itaruka. Hapo fremu imekubaliana na masafa hayo. Kila ukibadilisha masafa, zungusha tena. Mkono wako ukikaribia, itahama kidogo, kwa hiyo funga kijiti kwenye kitasa cha kondensa.

Jioni ya kwanza, hatua kwa hatua

1. Fika saa kumi na moja. Sikiliza kukiwa bado na mwanga, uandike kila kituo kinachosikika. Hivyo ni vya karibu, na ndivyo vitakavyokusumbua baadaye. Masafa ya 585 yametumiwa na Zanzibar kwa miaka mingi, anzia hapo.

2. Kuanzia saa kumi na moja na nusu panda kwa hatua za 9 kutoka 531 hadi 1602. Usikae zaidi ya sekunde kumi kila mahali. Unatafuta wapi pameanza kuwa na uhai.

3. Jua likikaribia kuzama, kati ya saa 12:10 na 12:45 kutegemea mwezi, simama kwenye vile dhaifu. Upande wa mashariki giza limeshatanda muda mrefu, kwa hiyo njia yote hadi kwako imefunguka, ila mwisho wake tu. Vituo vya nchi kavu vya magharibi bado viko kwenye mwanga, havijakuvamia. Dirisha hilo ni fupi na ndilo bora kuliko yote kwa kusikiliza mashariki. Kwa Shelisheli, jaribu 1368, masafa yaliyotumika huko kwa miaka mingi. Kwa Morisi, 684 na 819, masafa waliyoyatumia kwa miaka mingi.

4. Saa 12:30 kamili uwe kwenye India. Weka upana mwembamba, ongeza tu ukihitaji kuelewa maneno.

5. Baada ya saa moja usiku masafa yatajaa. Uarabuni na Iran wataingia kwa nguvu, na kazi itageuka kuwa ya kutenganisha.

Alfajiri ni kinyume chake. Jua huchomoza kwao kwanza, vituo vya Asia hufifia kimoja kimoja, na wewe uliye bado gizani unabaki na magharibi na kusini. Hiyo ni safari nyingine na bahari yetu haisaidii sana.

Kukizima kituo kimoja ili usikie kingine

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na wengi huiruka. Fimbo ya feraiti husikia vizuri pande zake mbili za ubavu, na karibu haisikii kitu kule inakoelekeza ncha. Kwa hiyo usizungushe redio kutafuta sauti kubwa. Zungusha kutafuta mahali ambapo kituo kinachokusumbua kinapotea.

Chukua mfano halisi: kilohezi 720. ABC ya Perth, Australia, iko hapo kwa kilowati 50. Kutoka Jambiani ni takriban kilomita 8,300, uelekeo wa nyuzi 121 kwenye dira. Lakini Chennai ya India nao wako 720, nyuzi 64, kilomita 5,000 tu, na mapema usiku wao ndio watakaosikika. Elekeza ncha ya redio kwenye nyuzi 64. Chennai inadhoofika, wakati Perth, ikiwa nyuzi 57 pembeni, inabakiza zaidi ya asilimia 80 ya mawimbi yake. Kuzima huko hakutakuwa kamili, kwa sababu mawimbi yanayotoka angani huyumba na kubadilika, lakini kila Chennai inapozama utapata sekunde kadhaa za kuchungulia chini yake.

Saa nayo inasaidia. Vituo vingi vya All India Radio hufunga karibu saa tano usiku kwao, yaani karibu saa mbili na nusu kwetu. Baada ya hapo 720 hupumua. Kisha subiri alfajiri ya Perth, kwani kituo mara nyingi hupata nguvu ya ghafla jua linapokaribia kuchomoza kule kilipo. Desemba jua la Perth huchomoza saa sita usiku kwetu, Juni ni kama saa nane na robo. Nusu saa kabla ya hapo usiondoke kwenye 720. Linganisha na 558, ambako ABC wana kituo kingine cha Wagin, pia cha kilowati 50. Mara nyingi usiku hubeba kipindi kimoja. Ukisikia maneno yaleyale kwenye masafa yote mawili, huna haja ya kungoja jina litajwe.

Radi ya Kongo haizimiki kwa njia hii ukisikiliza mashariki. Ukielekeza ncha magharibi, ncha ya pili inaangalia mashariki, na kote kunakufa pamoja. Mbinu hiyo ihifadhi kwa ajili ya Uarabuni, kaskazini, au kusini mwa Afrika.

Kujua unamsikiliza nani

Lugha ni mwanzo tu. Tumia saa. India na Sri Lanka wako saa mbili na nusu mbele yetu, Iran nusu saa tu. Habari au milio ya saa ikianguka kwenye nusu saa yetu, fikiria hao kwanza. Saudi Arabia wana saa sawa na yetu.

Tumia pia masikio ya pwani. Adhana ya magharibi na isha hurushwa na vituo vingi, na dakika inapoanza hukuambia mji uko mashariki au magharibi kiasi gani. Sikiliza maneno yake. Ukisikia shahada ya tatu inayomtaja Ali, huyo ni Iran au Washia wa Iraq, si Riyadh. Msikilizaji wa Ulaya huhitaji miaka kujifunza hilo, na mtoto wa chuoni Makunduchi atalitambua papo hapo.

Kisha fungua MWLIST, orodha ya mtandaoni ya vituo vya masafa ya kati, ambayo hupangwa kwa masafa na nchi. Iandike au ihifadhi kabla ya safari, maana simu imezimwa. Iangalie upya kila safari: vituo vya masafa ya kati vinafungwa kila mwaka, na mtambo uliousikia mwaka jana unaweza kuwa umeshabomolewa.

Daftari na ripoti

Andika palepale: tarehe, saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa (toa saa tatu kwenye saa ya Afrika Mashariki, kwa hiyo 18:30 ni 15:30), masafa, lugha, na maelezo ya kweli ya ulichosikia. "Muziki" haitoshi. "Mwanamke anasoma, kisha wimbo wa sauti ya kiume na tabla, kisha tangazo fupi lililotaja Chennai mara mbili" inatosha. Rekodi pia kwa kinasa sauti kidogo, ukianza dakika mbili kabla ya saa kamili na kabla ya nusu saa.

Ukitaka kadi ya QSL, yaani kadi ya kituo inayothibitisha kwamba ulikisikia, watumie maelezo hayo kwa barua pepe pamoja na kipande cha sauti. Waeleze ulikuwa wapi na ulitumia nini. Fundi wa mitambo wa Perth atashangaa kujua kwamba sauti yake ilifika kwenye fremu ya vijiti Zanzibar, na wengi wao hujibu. Usiandike kile ambacho hukukisikia. Kama hukuwa na uhakika, sema hivyo, nao watalinganisha na kumbukumbu zao.

Ukirudi nyumbani

Usiku huohuo, kabla ya kulala, futa redio kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi, kisha kikavu. Toa mawe, angalia springi zake kama zina kutu ya kijani. Tundu la hedifoni ndilo huharibika kwanza, kwa hiyo chomeka na kuchomoa mara kadhaa likiwa kavu. Kondensa ya bati ya fremu isugue kwa brashi laini ya meno, maana chembe moja ya chumvi kati ya mabamba yake itakukwaruzia safari nzima ijayo. Redio ilale ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana. Daftari lianike pembeni, kurasa zimefunguka, hadi asubuhi.